Siku Nilikatala Kumuchekesha Nkambo

Rafiki yangu, wewe nakutumainia, njo maana nakuandikia jambo ambalo hata wenzangu wa maombi sijawaambia lote.

Nkambo wangu, baba ya mama, alikuwa muntu wa kucheka. Ilikuwa wakati wa Zaïre, tunakaa hapa Kalemie, karibu na ziwa. Watu wote walikuwa wanaitana "citoyen", maana yake raia, kama serikali ilivyoagiza, naye alikuwa anasalimia mbuzi ya jirani: "Citoyenne, umelala muzuri? Bwana yako iko wapi?" Mimi alikuwa ananiita bibi yake. Mugeni akifika, anamulalamikia: "Ona bibi nilioa. Iko na miaka saba, ugali hajue kupika, lakini kula iko wa kwanza."

Nami namujibu: "Muzee bila meno, nani mwingine atakutaka?"

Kwetu njo vile, mujukuu na nkambo wanachekana mupaka kaburini. Siku ya kuzika, mujukuu anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, watu wanacheka katikati ya machozi. Hapo njo marehemu anaenda vizuri.

Alipoanza kugonjwa, aliniita. Nilikuwa nimekwisha kuolewa, niko na mimba ya kwanza.

"Bibi yangu, usiniaibishe. Ukilia tu kama wale wengine, nitaamuka kwa sanduku nikuchape."

"Lala, muzee. Nitatembea kama wewe, kukupita wewe mwenyewe."

Nilisema vile kwa kinywa changu.

Lakini siku zile nilikuwa nimeingia kikundi cha maombi, na kiongozi wetu alitufundisha kama kuigiza mufu ni kuita pepo. Nkambo alipokufa, mama mudogo, binti yake, aliniletea kofia na koti ya nkambo mbele ya watu wote wa matanga.

"Vaa. Wanakungojea."

"Mama, mimi sasa niko muntu wa Mungu."

"Na yeye alikuwa wa nani?"

Mama mudogo alishika ile koti muda murefu, kisha akaikunja. Tulimuzika kimya. Wakati wa kurudi, dada muzee ya nkambo alisema: "Leo tumezika muntu mwingine. Yule wangu sijui iko wapi."

Sasa umri wangu umepita miaka arobaini. Mungu sijamuacha na sitamuacha. Lakini nikipiga magoti namuuliza: kile nilikatala, kilikuwa cha shetani, ao kilikuwa upendo tu? Hajanijibu bado. Mara moja nilijaribu kutembea kama nkambo, peke yangu ndani ya lupango yetu, pale uani. Hatua tatu, nikasimama. Hakukuwa muntu wa kucheka. Kitu kile kiko na siku yake moja, ikipita imepita.

Kwa hiyo nakuomba, usibaki na neno hili peke yako. Kama unajua mujukuu mwenye nkambo mugonjwa, umupelekee, umusomee kama yeye hajue kusoma, mbele ya siku ya kuzika kufika.