Dada Saida na viluwiluwi wa bondeni Gahanga

Kila nikifungua simu, jina la Dada Saida bado liko juu kabisa ya meseji zangu, na kidole kinataka kumsalimu. Akili imeambiwa. Moyo haujakubali.

Aliondoka asubuhi, akiwa kwenye cherehani yake. Nguo ya mteja ilikuwa bado chini ya sindano. Daktari alisema ni moyo.

Kwa mnaonifuata hapa na hamkumjua: alikuwa fundi nguo, zamani sokoni Kimironko, miaka hii kwenye kibaraza chake hapa Gahanga. Alikuwa pia mshauri wa afya wa mtaa wetu, yule anayekuja na kipimo cha malaria mtoto akipata homa, na akiaga usiku husema, "Shusheni chandarua."

Kwangu alikuwa rafiki, ingawa alinizidi sana umri. Babu yake alitoka pwani, kwa hiyo alinisahihisha Kiswahili hata nikiwa nalia.

Alihamia huku nyumba mpya zilipoanza kupanda kilimani. Bondeni kulikuwa na mafunjo na viazi vitamu. Wakaja wafyatua matofali, wakachimba udongo. Matofali yakapanda mlima, mashimo yakabaki, mvua ikayajaza.

Sasa nisimulie kosa lake maarufu. Mwenyewe alimsimulia kila mtu, hata maharusi waliokuja kupimwa gauni.

Watoto walimpeleka kwenye shimo kubwa, wakamwonyesha vidudu vyeusi vinavyocheza majini. "Tantine," yaani shangazi, "hivi ni viruwiruwi?"

"Viluwiluwi!" akawasahihisha. "Na msiwaguse. Wakikua watakuwa vyura, na vyura watakula mbu wote."

Basi lile shimo likapata walinzi wadogo wenye fimbo. Ole wako urushe jiwe!

Yeye akachota wachache kwenye chupa ya jemu, akaifunika kwa kipande cha shela la bibi harusi, akaiweka dirishani ili watoto waone chura anavyoota miguu.

Asubuhi moja nikasikia anaita: "Njoo! Njoo uone, vyura wangu wana mabawa!" Mbu walikuwa wameng'ang'ania shela kwa ndani.

Kiswahili kina neno moja tu hapo. Mtoto wa chura ni kiluwiluwi, mtoto wa mbu naye ni kiluwiluwi. Fundi wetu wa lugha alinaswa na lugha yake mwenyewe.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akaishusha ile chupa dirishani. Wiki hiyo Kevine, binti mdogo wa jirani, alikuwa kitandani na malaria, na Dada Saida ndiye aliyempima.

Mtu mwingine angemwaga ile chupa kimyakimya. Yeye aliibeba nyumba kwa nyumba. "Nilikosea. Hawa si vyura. Hawa ni mbu, na tumewalea sisi."

Alieleza vizuri kuliko ninavyoweza kueleza mimi. Mafunjo yalipokuwepo, maji yalikuwa kivulini na yalijitawanya. Sisi tukakata mafunjo, tukachimba, tukawapa mbu hawa maji yaliyotulia, yenye jua, karibu na vitanda vyetu.

Mzee Gaspard, mwenye tanuri la matofali, hakufurahi. "Wewe Saida, shimo iko yangu, lakini maji iko ya Mungu."

"Na mbu ni wa nani, Mzee?"

"Mbu iko ya selikali!"

Watu walicheka, na yeye Saida akacheka kuliko wote. Halafu akauliza, "Nani hapa ana nyumba ya matofali?" Mikono yote juu. "Udongo wake ulitoka wapi?" Macho yote bondeni. Hakumwachia Mzee Gaspard lawama peke yake.

Tukaanza kufukia siku za umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunapofanya kazi ya mtaa pamoja. Mashimo madogo yaliisha. Lile kubwa, chini ya shule ya chekechea, tulilipangia mwezi huu, kabla mvua haijaanza.

Ndipo akatutoka.

Tuliporudi kutoka makaburini, hakuna aliyetaja kazi. Kwenye grupu la mtaa zilikuwa pole tu. Niliogopa mvua ingefika kabla yetu, na watoto wa chekechea wangerudi kwenye homa ileile.

Nikaandika: "Samahani wazazi wangu. Umuganda wa shimo kubwa bado upo?" Nikaweka simu chini.

Akajibu Mzee Gaspard, kwa ujumbe wa sauti: "Iko. Mimi naleta toroli mbili. Nani naleta chai?"

"Chai ni mimi," akasema mama Kevine.

Watu walikuja, jamani! Wajenzi walileta vifusi kutoka saiti zao. Wateja wake wa Kimironko walipanda basi, wakabeba udongo kwa mabeseni wakiwa wamevaa magauni aliyowashonea.

Mzee Gaspard alichimba mfereji wa kutoa maji, akaniambia bila kunitazama: "Kule chini, mtoto wangu, turudishe mafunjo." Klabu yetu ya mazingira shuleni imeahidi kuyapanda.

Dada, jana mvua ilinyesha. Nikatelemka bondeni na sare yangu ya shule, nikasimama kuangalia. Maji yalifika, yakazunguka kidogo, yakashika mfereji, yakaenda.

Pembe ya mwisho bado ina dimbwi. Sitakudanganya, hukupenda kudanganywa. Lakini nilimkuta Mzee pale na koleo lake, amelowa, anagombana na tope.

Kevine yuko chekechea, mzima. Wenzake wananiuliza kila kitu kuhusu mbu, nami nawajibu, na nisipojua nasema sijui.

Usiku mwema, Dada Saida. Chandarua tutashusha wenyewe.