Saba ya chaki kwenye geti

Mume wangu alikufa kabla ya kumaliza geti letu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Makongeni, na baada ya mazishi wenzake walilileta nyumbani Gitothua, wakaliegemeza ukutani. Lilikuwa chuma kitupu, halijapakwa rangi. Juu yake kulikuwa na vipimo alivyoandika kwa chaki, saba yake ikiwa na mkia mrefu kama alivyozoea kuiandika.

Sikutaka lipakwe rangi, na sikutaka liliwe na kutu. Nilikuwa nikiingia na kutoka, nikiosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Mwishowe nikalifunga geti lote kwa nailoni na selotepu ili hewa isiingie.

Binti yetu anasoma ng'ambo, na kazi yake ni kutazama chuma kikishika kutu. Alinieleza kwa simu. Wanaweka kipande cha chuma ndani ya mashine na kukimulika kwa eksirei. Chembe ndogo sana za umeme zinaruka kutoka juu yake, na kwa kupima nguvu zake wanajua ngozi ya chuma imegeuka kuwa nini. Zamani ilibidi hewa yote itolewe kwanza. Siku hizi wanaingiza oksijeni na mvuke wa maji, si kwa wingi kama uani kwetu, lakini vya kutosha kuona chuma kikibadilika papo hapo.

"Bila hewa tulikuwa tunapima chuma cha mahali ambapo hakuna mtu anaishi," alisema.

Nikamwambia kuhusu nailoni. Alicheka kabla hajajizuia.

"Mathe! Umelipika kwa mvuke kama viazi vya ngwaci kwenye sufuria! Hewa na unyevu umevifungia ndani. Fungua."

Nikafungua. Matone ya maji yalikuwa yamejikusanya ndani ya nailoni, na kutu imetambaa kila mahali. Vipimo vyote vilikuwa vimefutika isipokuwa ile saba.

"Hata hapo penye saba si chuma kitupu, mum," aliniambia nilipompigia tena kumweleza kilichobaki. "Siku baba aliandika, hewa ilikuwa imeshakigusa. Aliandika juu ya ngozi ya kutu nyembamba sana, macho hayaioni."

Sijui kama alitaka kunifariji. Sikufarijika. Nilizunguka uani mpaka viatu vikajaa matope. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Theta, kwa hiyo nikachukua brashi ya waya, nikasugua kutu nikiikwepa saba, kisha nikaanza kupaka ile rangi nyekundu ambayo mafundi hutanguliza kuzuia kutu. Nilipofika kwenye saba mkono ulikataa. Nikaizunguka.

Jioni binti yangu akapiga. "Umepaka geti lote?"

"Lote isipokuwa saba."

"Itashika kutu, mum."

"Najua."

Nilimsikia akivuta kamasi. "Sawa. Lakini tafadhali, usiifunike na nailoni."