Salesio Aliyefunua Uso

Kuna uvumi umenikaa kifuani kama kikohozi: ati Salesio wa Mitunguu alitupwa kijijini kwa sababu alianguka mtihani. Nausikia soko la Gakoromone, na wanaousema ni akina mama wenye watoto wanaosomea udaktari. Si kweli, tena una hatari. Kwa hivyo naandika maisha yake vile yalivyokuwa.

Alizaliwa Mitunguu mwaka wa 1932, mtoto wa Mbae na Ntinyari, akabatizwa na mapadri. Akiwa mdogo alimfunga kuku mguu uliovunjika kwa kamba ya mgomba, na kuku yule akaishi akichechemea mpaka Krismasi. Alisoma, akapita vizuri, akaenda Uganda kusomea udaktari.

Mwaka wa 1955, katika Hali ya Hatari, dondakoo liliingia kijiji kimoja upande wa Embu, karibu na msitu, ambako serikali ya mkoloni iliwasonga watu pamoja ndani ya handaki na miiba. Watoto walivimba shingo, wakakosa pumzi. Wanafunzi wa udaktari waliokuwa likizoni wakaombwa kusaidia. Wengi wakatoa udhuru. Rafiki yake Kirimi alimwambia, "Mimi nilisoma nitoke matopeni, sio nirudi na sindano." Salesio alicheka, akajibu kwamba matope huoshwa. Kirimi akamfuata, lakini kwa kununa.

Walifika na makoti meupe na vitambaa vya pua na mdomo, macho tu nje. Akina mama wakafunga milango, wakaficha wagonjwa chini ya vitanda. Maana siku zile kulikuwa na gakunia, yule mtu wa kuvishwa gunia lenye matundu mawili, ambaye akikutikisia kichwa tu, unapelekwa kizuizini. Watu walijua jambo moja: anayeficha uso amekuja kuchagua. Kirimi alisema hawa ni wajinga, turudi. Lakini Salesio alisikia mtoto akikoroma ndani, na mama yake, Makandi, akasema kwenye ufa wa mlango, "Kama wewe ni mtu wa watu, tuone mdomo wako."

Salesio alijua ugonjwa ule hupita kwa pumzi. Akafungua kitambaa. Akasimama kama mgeni wa kwetu anavyosimama, akataja ukoo wake na rika la baba yake, kisha akasema, "Mama, mimi ni wa Ntinyari. Sikuja kuchagua mtu. Nipe mtoto."

Mlango ukafunguka, na mingine ikafuata. Akachungulia koo baada ya koo na kudunga sindano, uso wazi, kwa sababu kila alipojifunika, milango ilianza kufungwa tena.

Mtoto wa Makandi alipona. Salesio alishikwa na dondakoo, akafa mwezi uleule. Neno lake la mwisho alimpa Kirimi: "Usiwaite wajinga. Waliogopa kitu cha kweli." Kirimi alibaki kijijini, na mpaka leo huingia Misa na matope kwenye viatu.

Husimuliwa kwamba siku ya mazishi askari wa lango, watu wasio na huruma, walifungua bila kuuliza pasi ya kutoka kijijini. Dondakoo nalo halikurudi. Kirimi anasema ni sindano, Makandi anasema ni Salesio. Mimi nashukuru vyote viwili.

Basi mama mwenzangu, na wewe mtoto unayesoma, mfuateni Salesio, lakini mwepuke haya:

Kusema kijijini hupelekwa walioanguka.

Kumwambia mtoto amesoma ili atukimbie.

Kumwita mgonjwa mjinga kabla hujajua anaogopa nini.

Kuingia boma la mtu bila kutaja kwenu.

Kufunua uso karibu na mgonjwa wa koo. Simama mbali, uani, wakuone, umtaje mama yako. Ndipo ufunge kitambaa, uingie. Ntinyari hakuwa na mtoto mwingine.