Mlenda Aliotunyima Mama

Juzi mjukuu wangu kaniletea mlenda mkavu kutoka sokoni, umefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama majani ya chai, siku hizi kila kitu ni mfuko. Nikaunusa, nikarudi kwenye chumba chetu pale Dodoma mjini, nyuma ya reli.

Kufua nguo za watu kulikuwa hakutoshi hata unga, kwa hiyo mama aliuza bangi. Mimi nilidhani ni mlenda. Nilishangaa tu kwamba wanunuzi ni vijana wa kiume, maana kwetu Wagogo mwanamume haendi kununua mlenda.

Mchana ule mimi na mdogo wangu tulikuwa na njaa ya tangu jana. Ugali umeiva, sufuria ya mlenda inatokota, mara tukasikia viatu vizito uchochoroni. Mama akamimina majani yake yote humo, akakoroga. Nikafurahi, leo mboga tele!

Askari wakapekua mpaka chini ya kitanda. Mmoja akainamia sufuria.

"Mama, unapika nini?"

"Mlenda, baba. Karibu."

"Hebu onja."

Mama akamega tonge, akachovya, akala. Akachovya tena.

"Mtamu?"

"Mtamu, baba."

"Basi wape na watoto."

Mimi nilishanawa. Mama akatutazama, akaimwaga sufuria yote majivuni, akanyoosha mikono.

"Twendeni tu, baba."

Nililia mpaka jioni, na nisiwafiche, nililia kwa hasira. Niliamini mama ameona heri jela kuliko kutugawia mboga.