Kazi Yangu ya Vioo

Siku tulipoenda Sosiot kuposa, nilikatazwa kufungua mdomo. Kwetu mwenye kutaka mke hukaa pembeni, wazee wakamsemea. Mimi nilisemewa na baba mdogo. Nilikuwa nimemweleza kazi yangu njia nzima kutoka Roret, naye akaitikia "sawa, sawa" huku akiongea na simu.

Baba wa msichana alikuwa karani wa kituo cha kununua chai, mtu wa kupima majani ya wakulima tangu ujana. Akauliza, "Huyu kijana anafanya kazi gani?" Jibu la swali hilo ndilo lingenipa mke au kunirudisha Roret peke yangu.

"Ya vioo," baba mdogo akasema bila aibu.

"Vizuri. Dirisha letu la jikoni limepasuka."

"Atalitengeneza kabla hatujaondoka."

Nilitamani ardhi inimeze. Nina digrii mbili, jamani. Nikavunja mila.

"Mzee, nisamehe. Vioo vyenyewe viko ng'ambo, mwisho wa mabomba marefu, kilomita kadhaa. Leza inapima vikitikisika, hata mtikisiko mdogo kuliko atomu. Viliwekwa kunasa mawimbi ya mvutano kutoka angani. Mimi nasoma vipimo kwa kompyuta, natafuta kama maada ya giza nayo inavitikisa. Haionekani, lakini uzito wake upo."

Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa kabisa.

"Uzito upo, kitu hakionekani," karani akarudia polepole. "Kama gunia la majani lililotiwa maji katikati. Ukiangalia ni kavu, mizani inakataa."

"Ndiyo, mzee." Profesa wangu mwenyewe hajawahi kunielewa haraka hivyo.

"Na umeipata?"

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Alitaka niseme ndiyo. Nami nilitaka, Mungu anisamehe.

"Bado. Miaka sita sasa. Juzi tuliandika ripoti kwamba hatukuona kitu."

"Mliandika wenyewe? Hakuna aliyewashika?"

"Wenyewe."

Mzee akawageukia wenzake. "Watu wote niliowapimia, kila mmoja ana maneno ya kutetea gunia lake. Sijaona aliyejiandikia sifuri. Huyu hatamdanganya mtoto wangu. Leteni chai."

Kioo cha jikoni nilikiweka Jumamosi iliyofuata, kwa mikono yangu. Hakikukaa sawa. Kinatikisika mpaka leo, na baba mkwe akinipigia simu, kabla hata ya salamu, huniuliza kama nimeshajua kinachokitikisa.