Mume wa Kwenye Kadi

Mimi nina mdomo, sikatai. Miaka yote niliyofanya kazi kliniki ya wajawazito katika kituo chetu cha afya, huku kwenye vilima vya Kibondo, akina mama walinijua kwa swali moja: "Mwenzako yuko wapi?" Kituoni tulitaka mjamzito aje na mume siku ya kwanza, wapimwe wote wawili. Asiye naye alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Utaratibu huo niliushika kuliko hata walioutunga.

Ndivyo nilivyomrudisha dada mmoja aliyetoka upande wa Murungu. Alinisalimu kwa kupiga makofi taratibu, kama tunavyosalimiana Waha, akanieleza kuwa mumewe alikwenda Katavi kutafuta shamba na simu yake haipatikani. Barua je? Kwa mwenyekiti alishafika. Badala ya barua akaulizwa babu yake alivuka lini kutoka Burundi, kana kwamba si raia. Nikamwambia hayo hayanihusu, foleni ni ndefu. Wiki iliyofuata akaja na mwanamume mpole, koti la pikipiki begani. Nikaandika jina lake na namba yake ya simu kwenye kadi, tena nikamtania: "Kumbe shemeji ulikuwa karibu tu!" Akacheka kidogo, akatazama chini.

Siku dada yule alipoletwa kujifungua, zamu ilikuwa yangu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hashuki. Ilipofika saa nane mchana, mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kupungua. Daktari akasema ni upasuaji, tena sasa hivi, la sivyo tunampoteza mtoto, na mama naye hatujui kama atapona. "Mume asaini," akasema, akaenda kunawa. Kwetu ndivyo ilivyozoeleka, mume ndiye anayesaini.

Nikapiga ile namba ya kwenye kadi. Ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tatu akapokea.

"Shemeji, uko wapi? Mkeo anapasuliwa, njoo usaini haraka."

"Nesi, mimi niko Kasulu, nimefuata spea. Halafu yule si mke wangu. Mimi ni bodaboda tu. Aliniomba nisimame naye siku ile, maana ulikuwa umemfukuza."

Nikarudi wodini, nikamsikiliza tena mtoto. Mapigo yalizidi kwenda chini. Nilikuwa na hasira na sikujua nimshushie nani, bodaboda au yule wa Katavi. Nikamshushia mgonjwa.

"Kwa nini ulinidanganya?"

Hadi leo naona aibu kwamba dakika ile, mtoto anakufa, hilo ndilo nililouliza.

Alisubiri uchungu umwachie, akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi nisaini mimi."

Mtu mzima ana akili zake, anajua kuandika, na mimi nilikuwa nazunguka na simu kutafuta mwanamume. Nikampa kalamu. Akaandika jina lake lote, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Daktari akaitazama ile sahihi, akanitazama mimi, akasema twendeni.

Mtoto alitoka amelegea, hana sauti. Tukamsugua mgongo, tukamsaidia kupumua. Nilimwomba Mungu kwa Kiha, lugha ya mama yangu, maana Kiswahili kilinitoka chote. Kisha akalia. Nami nikalia, mbele ya daktari.

Jioni nikampelekea mama mtoto wake. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, maneno nimeyapanga kabisa. Akaniwahi. Miguu yake bado ilikuwa na ganzi, akaongea kwa sauti ndogo, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kusumbua.

"Nesi, kliniki ya mtoto nayo inataka baba? Niambie mapema, nianze kutafuta wa kumwomba."