Betri Mkekani kwa Mama

Kwetu Bihambwe, miaka ile ya sitini, betri za radio zikichoka papa alizianika kwenye mkeka wa mama, katikati ya maharage. Alisema jua litazirudishia nguvu. Jua gani, Masisi hii ya milima na mvua? Mvua ikianza tuliitwa tuanue betri kwanza. Maharage yalilowa.

Siku moja mjomba, mwindaji wa Walikale, alitutembelea akacheka.

"Shemeji, jua iko ya maharagi. Betri inataka moshi."

Kwao kila cha kutunzwa hukaushwa juu ya moto. Walibishana mpaka chakula kikapoa, kisha betri zikapanda kwenye uchanja wa jikoni, kando ya nyama ya nguruwe pori.

Jioni tukakusanyika kusikiliza habari. Radio, ikinuka nyama, ilikoroma, ikasema huo ndio mwisho wa habari, ikazimika. Papa akadai ni jua lake lililoisemesha. Mjomba akadai ni moshi wake. Watu wazima hao. Nikikumbuka bado nakasirika.

Mama alikuwa nje, ameinamia mkeka. Kitu pekee kilichopata nguvu pale ni maharage yake: yote yalikuwa yameota.